Tiba ya Kisheria: Mwili wa Binadamu Unapotoa Ushahidi

Utangulizi

Katika mashauri mengi ya jinai, shahidi aliye muhimu kuliko wote hawezi kusema. Pengine amekwisha kufa. Pengine ni mtoto mchanga. Pengine ni mtu aliyepigwa hata akapoteza fahamu. Hapo mahakama humgeukia daktari na kumwuliza: mwili huu unatueleza nini? Elimu inayomwezesha daktari kulijibu swali hilo kwa namna ambayo sheria inaweza kuitegemea ndiyo iitwayo tiba ya kisheria.

Makala haya yanakusudia kueleza misingi ya elimu hiyo kwa walimu na wanafunzi wa shule za sekondari. Mifano mingi imechukuliwa katika uwanda wa kati, yaani Dodoma na vijiji vilivyo jirani nayo kama Zuzu, ulioko magharibi ya mji huo kando ya Reli ya Kati. Sababu yake itaonekana baadaye: kanuni za elimu hii ni zile zile duniani kote, lakini majibu yake hutegemea sana mahali mwili ulipokutwa na jinsi ulivyotunzwa kabla ya daktari kufika. Msomaji akilishika jambo hilo moja, amekwisha kuipata nusu ya elimu yenyewe.

1. Maana yake na mipaka yake

Daktari wa kawaida humwuliza mgonjwa, "Unaumwa wapi?" ili apate kumtibu. Daktari wa tiba ya kisheria huuliza, "Jambo hili lilitokeaje, na lini?" ili haki ipate kutendeka. Kwa upande wa vifo, hapana budi tutofautishe mambo mawili ambayo aghalabu huchanganywa. La kwanza ni sababu ya kifo, yaani dhara lililousimamisha uhai: damu kumwagika ndani ya fuvu, ini kuharibika, au hewa kukosekana mapafuni. La pili ni namna ya kifo, yaani njia ambayo dhara hilo lilimfikia marehemu: ugonjwa, ajali, kujiua, kuuawa na mtu mwingine, au namna isiyojulikana.

Sababu moja yaweza kuwa na namna nyingi. Mtu aliyevunjika fuvu huenda alianguka kutoka juu ya mwembe, huenda aligongwa na gari, huenda alipigwa rungu. Daktari aweza kuwa na hakika kabisa juu ya sababu, na bado asiwe na hakika juu ya namna. Kuukiri mpaka huo ni sehemu ya elimu yenyewe, wala si udhaifu wa daktari.

2. Chimbuko lake

Kazi hii si ngeni. Mwaka 1247 hakimu mmoja wa China, Song Ci, aliandika kitabu cha kuwaongoza maofisa wanaochunguza vifo. Humo anasimulia habari za mtu aliyekutwa ameuawa kwa majeraha yaliyofanana na ya mundu. Mchunguzi aliwaamuru wanakijiji walete miundu yao na kuipanga chini juani. Miundu yote ilionekana safi, lakini inzi walikusanyika juu ya mmoja tu, kwa kuwa mabaki ya damu yasiyoonekana kwa macho yalikuwa bado yananukia kwao. Mwenye mundu huo alikiri.

Ulaya, mwaka 1836, mkemia James Marsh alitangaza njia ya kugundua kiasi kidogo sana cha aseniki, sumu ambayo kwa muda mrefu wauaji waliitumia bila hofu ya kukamatwa. Mwaka 1901 Karl Landsteiner alieleza makundi ya damu ya binadamu. Katika nchi yetu, historia ya maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali huhesabiwa tangu mwaka 1895, wakati wa utawala wa Wajerumani. Leo Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ndiyo inayopima sumu, dawa za kulevya na vinasaba kwa ajili ya mashauri.

3. Mabadiliko ya mwili baada ya kifo

Uhai unapokoma, mwili huanza kubadilika kwa kufuata kanuni za fizikia na kemia. Mabadiliko matatu ya mwanzo yana manufaa makubwa kwa mchunguzi.

(a) Kutuama kwa damu. Moyo ukisimama, damu huvutwa na uzito wake hadi sehemu za chini za mwili na kufanya mabaka ya rangi ya zambarau. Mabaka huanza kuonekana baada ya nusu saa hadi saa mbili hivi, na baada ya saa 6 hadi 12 huwa hayahami tena. Basi maiti ikikutwa imelala kifudifudi huku mabaka yakiwa mgongoni, hiyo ni dalili kwamba ilikaa chali kwa saa kadhaa kisha ikageuzwa au ikahamishwa.

(b) Kukakamaa. Misuli ya mtu aliye hai hutumia kemikali iitwayo adenosini trifosfati ili nyuzi za aktini na miosini ziachane baada ya kushikana. Mtu akifa kemikali hiyo huisha, na nyuzi hubaki zimeshikana. Kukakamaa huonekana kwanza usoni na kwenye taya baada ya saa 2 hadi 4, huenea mwili mzima kufikia saa 12 hivi, kisha hulegea misuli inapoanza kuoza. Joto huharakisha mambo yote hayo.

(c) Kupoa. Mwili wenye nyuzi 37 za sentigredi hupoteza joto lake mpaka ulingane na hewa inayouzunguka. Jambo hili tutalieleza kwa kirefu, kwani ndipo hesabu za darasani zinapokutana na uhai wa mtuhumiwa.

4. Hesabu ya saa ya kifo

Vitabu vingi tulivyosomea ng'ambo viliandikwa katika nchi za baridi. Humo mwanafunzi hufundishwa kanuni nyepesi: mwili hupoa kwa kadiri ya uzi mmoja kila saa. Kanuni hiyo haifai kuchukuliwa hivi hivi na kuletwa uwanda wa kati. Hapa usiku wa Julai joto huweza kushuka hadi nyuzi 14, na mchana wa Oktoba na Novemba hupanda kupita nyuzi 30. Kadhalika, katika kijiji kimoja, ndani ya tembe lenye kuta nene na paa la udongo ni baridi wakati wa jua kali, ilhali nyumba ya bati iliyo jirani yake ni kama tanuri.

Kanuni iliyo bora ni ile ya Newton: kasi ya kupoa hutegemea tofauti kati ya joto la mwili na joto la hewa. Tukiandika J kwa joto la mwili lililopimwa, H kwa joto la hewa, s kwa saa zilizopita na k kwa kadiri ya upoaji, tunapata:

J – H = (37 – H) × e^(–ks)

na kwa hiyo:

s = (1/k) × log_e [(37 – H) / (J – H)]

Tuchukue mfano wa kubuni. Mtu amekutwa amekufa kijijini. Daktari anafika saa 2 asubuhi na kupima joto la ndani ya mwili. Ni nyuzi 33. Kijana mmoja ameshikwa kwa sababu alionekana akigombana na marehemu jana yake kati ya saa 1 na saa 2 usiku. Kijana anajitetea kwamba tangu saa 4 usiku hadi asubuhi alikuwa Dodoma mjini, na anao mashahidi wa kuaminika. Kwa ajili ya somo letu tutachukua k kuwa 0.07 kwa saa.

Hali ya kwanza: mwili ulikuwa nje, chini ya mti, usiku wa baridi, na hewa ilikuwa nyuzi 16.

s = (1/0.07) × log_e (21/17) = 0.211/0.07 = saa 3.0

Kifo kilitokea karibu na saa 11 alfajiri. Kijana alikuwa mjini. Hawezi kuwa ndiye muuaji.

Hali ya pili: mwili ulikuwa ndani ya chumba kilichofungwa, chini ya bati, katika majira ya joto, na hewa ilikuwa nyuzi 30.

s = (1/0.07) × log_e (7/3) = 0.847/0.07 = saa 12.1

Kifo kilitokea karibu na saa 2 usiku. Kijana alikuwa pamoja na marehemu.

Mwili ni ule ule, na joto lililopimwa ni lile lile. Lakini jibu moja linamfungulia kijana mlango wa gereza na jingine linamfungia. Tukumbuke kwamba Kanuni ya Adhabu ya nchi yetu imeweka adhabu ya kifo kwa kosa la kuua kwa kukusudia.

Sasa tuongeze jambo linalotokea mara nyingi vijijini. Majirani wema, kwa kumheshimu marehemu, wanautoa mwili chumbani alfajiri na kuulaza uani penye baridi, wakauosha na kuufunika kwa shuka. Daktari anapofika hakuna anayemwambia. Anapima hewa ya uani, anapata nyuzi 16, na hesabu yake inasema saa 11 alfajiri. Hesabu si mbaya. Ukweli uliotiwa ndani yake ndio mbaya. Pengine mabaka ya damu yatamfunulia kwamba mwili umehamishwa, pengine hayatamfunulia.

Kuna tahadhari nyingine. Mwili haupoi mara moja kama kikombe cha chai. Kwa muda fulani wa mwanzo joto la ndani hukaa bila kushuka sana. Unene wa mwili, nguo, upepo na unyevu hubadili k. Hata njia iliyo bora inayotumiwa na wataalamu, iliyobuniwa na Claus Henssge wa Ujerumani, huacha nafasi ya kukosea kwa karibu saa 3 kabla au baada ya saa inayokadiriwa, nayo huhitaji joto la hewa lijulikane vyema. Na hewa ikiwa karibu sawa na joto la mwili, kipimo hiki hakisemi lolote. Kwa hiyo daktari mwaminifu hasemi, "Alikufa saa 5 na robo." Husema, "Alikufa kati ya saa hii na saa hii," na kueleza sababu zake.

5. Sumu isiyo na mtiaji

Mwaka 2016 watu wa baadhi ya vijiji vya mikoa ya Dodoma na Manyara walianza kuugua ugonjwa ambao mwanzoni haukufahamika. Waliugua watu 68, na 20 kati yao wakafa. Dalili za ugonjwa wa namna hii ni kutapika, tumbo kujaa maji, na macho na ngozi kugeuka manjano, yaani dalili za ini lililoharibika.

Msomaji na ajiulize: watu wanaokula chungu kimoja wakifa mmoja baada ya mwingine, mawazo ya jirani hukimbilia wapi? Hukimbilia kwa mwenye kijicho aliyetia sumu, au kwa ajuza anayesingiziwa uchawi. Nchi yetu inajua vyema matunda ya mawazo hayo. Vikongwe wengi, hasa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, wameuawa kwa tuhuma za uchawi ambazo hakuna maabara wala mahakama iliyozipima.

Uchunguzi wa vielelezo vya wagonjwa na vya nafaka ulionyesha mhusika mwingine kabisa: sumukuvu. Hii ni sumu itokanayo na kuvu wa jamii ya Aspergillus, ambaye humea juu ya mahindi na karanga zilizopatwa na ukame shambani au zilizohifadhiwa kabla ya kukauka vizuri. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa katika mahindi ya chakula Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 za sumukuvu kwa kilo. Kenya ilikuwa imepata msiba kama huo mwaka 2004, walipougua watu 317 na kufa 125.

Kwa lugha ya sehemu ya kwanza ya makala haya, sababu ya vifo ilikuwa kuharibika kwa ini, na namna yake haikuwa kuuawa na mtu. Hapa elimu haikumtafuta mwenye hatia. Iliwaondolea watu wasio na hatia tuhuma ambazo zingeweza kuwaangukia, na papo hapo ikawaonyesha walio hai chakula cha kuepuka. Hiyo nayo ni haki.

6. Kumtambua mtu

Tarehe 24 Juni 2002, karibu na stesheni ya Igandu mkoani Dodoma, treni ya abiria ilirudi nyuma kwa kasi kwenye mteremko na kuigonga treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Katika maafa ya namna hiyo swali la kwanza la ndugu ni moja: wetu ni yupi? Macho ya ndugu aliyejaa majonzi si kipimo cha kutegemewa, wala nguo si kipimo, kwani shati moja huvaliwa na wengi. Wataalamu wa kimataifa hutegemea kwanza mambo matatu: alama za vidole, meno, na vinasaba. Jibu lao lina uzito wa kisheria, kwa kuwa mirathi, ndoa ya mjane na malezi ya yatima hutegemea cheti cha kifo chenye jina la kweli.

Kupima vinasaba kwa ajili ya utambuzi kuligunduliwa na Alec Jeffreys katika Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, mwaka 1984. Shauri la kwanza la mauaji lililotumia kipimo hicho linafundisha sana. Wasichana wawili walikuwa wameuawa katika wilaya moja, mwaka 1983 na 1986. Kijana wa miaka 17 alikiri mbele ya polisi kwamba alimwua mmoja wao. Kipimo kilionyesha kwamba mtu mmoja ndiye aliyetenda makosa yote mawili, na kwamba mtu huyo hakuwa kijana aliyekiri. Aliachiwa, mwenye hatia alipatikana baadaye na kuhukumiwa mwaka 1988. Hivyo basi, kazi ya kwanza ya vinasaba katika shauri la mauaji ilikuwa kumwokoa asiye na hatia. Hapa Tanzania matumizi ya vinasaba huongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009.

7. Tiba ya kisheria kwa walio hai

Si kweli kwamba elimu hii ni ya maiti tu. Kila mwananchi anaifahamu Fomu ya Polisi Namba 3, yaani PF3, ambamo daktari hueleza majeraha ya aliyeshambuliwa au aliyebakwa. Daktari huandika mahali jeraha lilipo, urefu wake, kingo zake na rangi yake. Kingo zilizochanika na kuchubuka huonyesha kitu butu kama rungu. Kingo safi huonyesha kisu au panga. Majeraha ya viganjani na mikononi huweza kuonyesha kwamba mtu alikuwa akijikinga.

Aliyebakwa anashauriwa aende hospitali mapema, ikiwezekana kabla ya saa 72 kupita, bila kuoga na bila kufua nguo alizokuwa amevaa. Nguo hizo zitiwe katika mfuko wa karatasi, si wa plastiki, kwa maana plastiki huhifadhi unyevu, na unyevu huozesha ushahidi. Lakini pasitokee mtu akaachwa avuje damu kwa sababu ya fomu. Kuokoa uhai hutangulia karatasi.

8. Mbele ya mahakama

Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967 huikubali rai ya mtaalamu, lakini haimfanyi mtaalamu kuwa hakimu. Mahakama hupima rai hiyo pamoja na ushahidi mwingine, na yaweza kuikataa ikiwa na sababu. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 nayo imempa mshtakiwa haki ya kutaka daktari aliyeandika taarifa aitwe ili aulizwe maswali. Mara kadhaa Mahakama ya Rufani imeiondoa PF3 katika ushahidi kwa sababu mshtakiwa hakuelezwa haki hiyo. Watu wengine huona huo ni ukaidi wa wanasheria. Sivyo. Kipimo kisichoulizwa maswali si sayansi, ni amri tu.

Mahakama huuliza pia juu ya mnyororo wa utunzaji: nani alikichukua kielelezo, alikifunga vipi, alimkabidhi nani, na siku gani. Pete moja ya mnyororo ikikatika, hata maabara iliyo bora kuliko zote haiwezi kuthibitisha kwamba damu iliyopimwa ni ya mtu yule.

9. Wajibu wa mwananchi

Sheria ya Uchunguzi wa Vifo ya mwaka 1980 inataka vifo vya ghafla, vya ajali, vya kutumia nguvu au vya kutia shaka vitolewe taarifa ili vichunguzwe. Daktari na askari mara nyingi wako mbali. Anayefika kwanza ni mchungaji wa ng'ombe, mwanafunzi aendaye shule, au mjumbe wa mtaa. Basi na wazingatie haya:

(i) Hakikisheni kwanza kama mtu yu hai. Akiwa hai, msaidieni na mpelekeni hospitali.
(ii) Akiwa amekufa, msimguse wala kumhamisha wala kumwosha. Wazuieni watu na mifugo wasikaribie.
(iii) Andikeni saa mwili ulipokutwa, jinsi ulivyolala, mlango na madirisha kama yalikuwa wazi, na kama palikuwa na moto au jiko.
(iv) Ikiwa mwili umekwisha kuhamishwa, mwambieni daktari bila kuficha. Kosa lililosemwa hurekebishika. Kosa lililofichwa huingia katika hukumu.
(v) Panaposhukiwa sumu, hifadhini mabaki ya chakula, unga na nafaka.

Twajua kwamba kuzika mapema ni heshima, na kwamba ndugu wengi huchukia maiti ya mpendwa wao kupasuliwa. Hisia hizo zastahili kuheshimiwa, na daktari ana wajibu wa kueleza, kuharakisha na kuushona mwili kwa adabu. Lakini ukweli uliozikwa hauchimbuliwi kwa urahisi; maiti ikifukuliwa baada ya miezi, mabaka ya damu, kukakamaa na joto havipo tena.

Hitimisho

Tumeona kwamba tiba ya kisheria haina miujiza. Imejengwa juu ya fizikia ya joto, kemia ya misuli na sumu, na biolojia ya urithi, masomo yale yale yanayofundishwa katika shule zetu za sekondari. Nguvu yake hutoka kwa daktari anayesema anachokijua na kunyamaza asichokijua, na kwa mwananchi aliyeuhifadhi ukweli katika saa za kwanza. Wawili hao wakitimiza wajibu wao, hakimu hupata mahali pa kusimama.

Maswali ya kujadili darasani

1. Rudia hesabu ya sehemu ya 4 ukichukua joto la hewa kuwa nyuzi 25. Je, utetezi wa kijana unasimama? Kumbuka nafasi ya kukosea ya saa 3.
2. Kwa nini hesabu hiyo haina maana hewa inapokuwa nyuzi 37?
3. Tia maji ya nyuzi 60 katika chupa mbili zinazofanana, uzibe, uweke moja kivulini nje na nyingine ndani ya chumba chenye joto. Pima kila dakika 10 na uchore grafu. Chupa ipi ina k kubwa zaidi, au ni H tu iliyobadilika?
4. Watu watatu wa kaya moja wamekufa kwa muda wa wiki mbili. Orodhesha maswali ambayo ungeyauliza kabla ya kumtuhumu mtu yeyote.